AFYA: Uzee haumfanyi mtu kibogoyo

WANAUME wengi wenye umri wa miaka 60 na zaidi huamini kwamba kung'oka kwa meno ni sehemu ya uzee, sawa na mvi. Imani hiyo haina msingi. Chanzo kikuu ni maradhi ya fizi na kuoza kwa meno, na yote mawili huweza kuzuiwa.

Maradhi ya fizi huanza na ukoga, yaani utando wa bakteria unaojenga juu ya meno kila siku. Usiposuguliwa huwa mgumu kama jiwe, na mswaki hauwezi tena kuuondoa. Fizi huvimba na kutokwa na damu, kisha mfupa unaoshikilia jino huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulibaini tatizo la fizi kutokwa na damu kwa asilimia 98 ya watu wazima nchini Kenya.

Hata hivyo, si kila pengo au doa ni ugonjwa. Mzee wa Olenguruone, Kaunti ya Nakuru, asiye na meno mawili ya mbele ya chini huenda aling'olewa kimila, kama ilivyokuwa desturi ya Wakalenjin na Wamaasai. Inasimuliwa kwamba pengo hilo lilisaidia kumnywesha maziwa mgonjwa wa pepopunda aliyefungwa taya.

Nayo madoa ya kahawia, yaonekanayo kwa wengi waliolelewa katika Bonde la Ufa, hutokana na maji yenye floraidi nyingi waliyokunywa utotoni. Kuyasugua kwa mchanga hulika jino tu. Kwa kuwa madoa hayo hutokea meno yanapoumbika, mtu mzima hana sababu ya kuogopa dawa ya meno yenye floraidi.

Wataalamu hushauri kupiga mswaki mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala. Mswaki wa mti nao unafaa, mradi ncha itafunwe hadi ilainike na kufikishwa kwenye magego. Meno ya bandia yavuliwe usiku na kusuguliwa.

Wengi humwendea daktari jino likiwa limeshindikana, na tiba iliyosalia ni koleo. Kwa kuwa safari ya kutoka Olenguruone kupitia Molo hadi Nakuru ni ndefu, heri mzee aunganishe uchunguzi wa meno na kliniki yake ya kisukari au shinikizo la damu. Kisukari huzidisha maradhi ya fizi, nayo fizi mbovu huvuruga sukari mwilini.

Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili kisisubiri, hususan kwa mvutaji sigara, mtumiaji wa ugoro au mnywaji pombe, kwani chaweza kuwa saratani.

Nchini Japani, kampeni iliyoanzishwa mwaka 1989 huwahimiza raia kufikisha miaka 80 wakiwa na meno yao 20. Idadi hiyo yatosha kutafuna takriban kila chakula.