Jeneza la Umm Kulthum Mikononi mwa Umma

Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, alifariki dunia mjini Cairo siku ya Jumatatu, 3 Februari 1975. Figo zilikuwa zimemtesa kwa muda mrefu, na tangu alipozidiwa mwezi Januari, redio na magazeti ya nchi za Kiarabu yalikuwa yakifuatilia hali yake siku hadi siku. Kwa desturi ya Waislamu maiti hacheleweshwi. Aliyekufa asubuhi mara nyingi jioni yuko kaburini. Safari hii wakubwa waliamua vingine. Maziko yaliahirishwa hadi Jumatano ili wageni wa heshima kutoka nchi mbalimbali wapate kufika.

Jumatano hiyo jeneza lilitoka Msikiti wa Omar Makram, kando ya uwanja wa Tahrir, likiwa mabegani mwa wabebaji walioteuliwa. Hawakufika nalo mbali. Umati uliwazidi nguvu ukalichukua. Likapita kutoka bega hadi bega, mtaa hadi mtaa, kwa muda wa saa tatu hivi, nje kabisa ya njia iliyopangwa. Watu waliokuwa barabarani siku hiyo hukisiwa kuwa mamilioni, na waliokuwepo waliyalinganisha maziko yale na ya Rais Gamal Abdel Nasser, ya Oktoba 1970.

Ni rahisi kuliita tukio lile fujo. Mimi silioni hivyo, na aliyelelewa Mwambao atanielewa. Jeneza likipita mtaani kwetu, hata asiyemjua marehemu huinuka, akatia bega kwa hatua chache, kisha akampisha mwingine. Anatafuta thawabu, na papo hapo anakiri kwamba maiti yule ni wake pia. Serikali ya Misri ilikuwa imeyafanya maziko kuwa gwaride. Watu wa Cairo waliyarudisha kuwa maziko.

Walipata wapi ujasiri wa kujihesabu wafiwa? Inabidi turudi nyuma. Umm Kulthum alizaliwa kijijini Tamay al-Zahayra, katika delta ya Nile, karibu na mwanzo wa karne ya 20. Baba yake, Sheikh Ibrahim, alikuwa imamu wa msikiti wa kijiji, na ili kuongeza riziki aliimba kasida kwenye harusi na sherehe. Binti alijifunza kwa kumsikiliza baba akimfundisha kaka yake. Alipoanza kuimba mbele za watu, baba alimvisha nguo za kiume, maana aliona haya kumtoa binti jukwaani. Mapema miaka ya 1920 familia ilihamia Cairo.

Redio ya taifa ya Misri ilianza mwaka 1934, na sauti ya Umm Kulthum ilisikika humo tangu mwanzo. Baada ya hapo, kwa miongo kadhaa, usiku wa Alhamisi ya kwanza ya mwezi katika msimu wa maonyesho ulikuwa wake. Watu walikusanyika majumbani na kwenye mikahawa, wengi kuizunguka redio moja, kuanzia Morocco hadi Iraq. Wimbo mmoja ulikwenda saa nzima au zaidi. Haukuwa mrefu hivyo kwenye karatasi. Wasikilizaji ndio walioufanya mrefu: ubeti ukiwagusa walipaza sauti kumwomba aurudie, naye aliurudia, kila mara kwa namna nyingine, akiwatazama kuona umewaingia vipi. Nalitilia mkazo hili kwa sababu ndilo linaloyafungua maziko yake. Waliokuwa ukumbini walikuwa na sehemu yao katika wimbo, na waliokuwa kwenye redio waliwasikia wenzao wakiitimiza.

Kisha likaja pigo la 1967, Misri iliposhindwa vitani na Israel. Umm Kulthum, tayari mtu mzima mwenye afya dhaifu, alizunguka mikoa ya nchi yake na miji ya ng'ambo, ikiwemo Paris mwezi Novemba mwaka huohuo, akaikabidhi serikali mapato. Kwa Mmisri wa kawaida, kumzika ilikuwa kuyazika maisha yake mwenyewe pia: harusi alizohudhuria, usiku wa Alhamisi aliokaa na wazazi wake, miaka ya aibu na ya matumaini.

Huku kwetu haikuwa habari ya ugenini tu. Tangu enzi za Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyempeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo kujifunza kupiga qanun, ala ya nyuzi, wanamuziki wa Unguja waliielekeza mikono na masikio Misri, na vilabu vya muziki kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, vilijifunza nyimbo za huko. Sauti ya Umm Kulthum ilifika kwa santuri na kwa mawimbi ya redio.

Turudi kwenye jeneza. Umati ulilifikisha Msikiti wa Sayyidna Hussein, ambao watu waliamini marehemu aliupenda. Hapo sheikh wa msikiti aliusalia mwili, kisha akawasihi waliokuwa wamelibeba: huyu alikuwa mcha Mungu, angependa azikwe upesi kama dini inavyotaka. Wakamsikia. Lisilowezekana kwa mpango wa serikali liliwezekana kwa neno moja la sheikh, kwa sababu aliwaambia kuhusu marehemu mwenyewe na haki yake, wala hakuwafukuza. Umm Kulthum akazikwa katika makaburi yaliyo kusini mwa jiji.

Nyumba yake ya Zamalek ilibomolewa baadaye, jambo ambalo Wamisri wengi bado wanalisikitikia. Makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 2001 kwenye kisiwa cha Roda, na redio za Cairo zingali zinapiga nyimbo zake. Msomaji ambaye hajawahi kumsikia aanze na «Inta Omri» ya 1964, iliyotiwa muziki na Mohammed Abdel Wahab. Achague rekodi ya jukwaani, ambamo wasikilizaji wanasikika wakimwomba arudie.