Njia ya Chuo Kikuu, Hagadera

Kambi ya Hagadera ilifunguliwa mwaka 1992. Mwaka huo huo Serikali ya Ujerumani ilianzisha msaada wa karo uitwao DAFI kwa wanafunzi wakimbizi. Wengine walipelekwa vyuo vya Kanada na shirika la WUSC. Lakini nafasi zilikuwa haba, na wengi walibaki na vyeti mkononi.

Mwaka 2013 vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi, pamoja na York na British Columbia vya Kanada, viliungana kufundisha Dadaab penyewe, karo ikilipwa na wafadhili. Mkimbizi na mwenyeji wakaketi darasa moja.

Ufunguo wa milango hiyo yote ulikuwa cheti cha kidato cha nne. Basi tusiwatoe mabinti zetu shuleni kabla hawajakipata.