Caravan Serai (Bagamoyo)

Caravan Serai ni nyumba ya kihistoria ya mapumziko ya misafara, katika mji wa Bagamoyo, mkoa wa Pwani, Tanzania. Ilianza karne ya 19, pale njia kuu ya kutoka bara ilipoingilia mjini. Njia hiyo ilitokea Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ikapitia Tabora: mwendo wa kilomita 1,200 hivi, wote kwa miguu.

Vyumba vinazunguka ua mpana, na katikati limesimama jengo dogo la ghorofa. Hapa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitua mizigo. Mtu mmoja aliweza kubeba begani pembe za ndovu za frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Akirudi bara alijitwika vitambaa vya merikani, shanga au waya. Kwa njia hiyohiyo walipitishwa watumwa, na sifa za biashara zisifunike ukweli huo.

Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka 1914, misafara ilikuwa imekwisha kazi. Jengo limekarabatiwa na kufanywa makumbusho. Tangu 2006 njia nzima imo katika orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia wa UNESCO.