Mionzi ya Mwamba: Historia ya Kupima Radoni, kutoka Migodini hadi Majumbani Singida

Miamba ya itale inayozunguka maziwa ya Singidani na Kindai ni sehemu ya msingi wa kale wa katikati ya Tanzania, wenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Ndani ya itale mna urani kidogo, chembe chache katika kila milioni. Urani huvunjika polepole na kuzaa radiamu, nayo radiamu huzaa radoni, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Nusu ya radoni hutoweka kila baada ya siku 3.8, muda unaoitosha kupanda kupitia nyufa za ardhi. Uwanjani upepo huitawanya. Shimoni na katika nyumba iliyofungwa hujikusanya. Vizazi vyake, poloni, risasi na bismathi, si gesi tena: hunata kwenye vumbi, vikavutwa pamoja na pumzi na kubaki mapafuni.

Madhara yalijulikana kabla ya chanzo. Mwaka 1879 madaktari Härting na Hesse walieleza kwamba ugonjwa ulioua wachimbaji wa Schneeberg, Ujerumani, ulikuwa uvimbe wa mapafu. Gesi yenyewe ilitambuliwa na Friedrich Ernst Dorn mwaka 1900. Miaka michache baadaye Wajerumani walianza kuchimba dhahabu Sekenke, Iramba, na dhahabu hiyo ikatumika kutengeneza sarafu za rupia 15 huko Tabora mwaka 1916. Mizani ya dhahabu ilikuwapo. Kikomo cha radoni kwa mtu aliye shimoni hakikuwapo hata Ulaya.

Upimaji wa mtu mmojammoja ulitokana na eksirei, iliyogunduliwa na Röntgen mwaka 1895 na kuwaunguza wengi walioitumia mwanzoni. Beji za kwanza zilikuwa vipande vya filamu vilivyoingia weusi kadiri mionzi ilivyozidi. Baadaye zikaja fuwele za floridi ya lithi, ambazo hutunza nishati ya mionzi na kuitoa kama mwanga zinapopashwa moto. Wingi wa mwanga huo ndio kipimo cha aliyevaa beji. Tanzania ilitunga sheria ya kinga ya mionzi mwaka 1983, na sheria ya mwaka 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20, kipimo cha dozi ya mionzi, kwa mwaka, ukipigwa kwa miaka 5. Kwa mwananchi wa kawaida ni milisiveti 1, bila kuhesabu mionzi ya asili. Kutoihesabu huko kuna uzito wake, kwa kuwa mionzi ya asili peke yake humpa binadamu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka, na karibu nusu yake hutokana na radoni.

Manyoni, mkoani Singida, kipimo kilifika kwa njia ya angani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege zilipita juu ya Tanzania zikisoma mionzi ya gama. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba vifaa hivyo havioni urani moja kwa moja: husoma mionzi ya bismathi, ambayo ni kizazi cha radoni. Urani ya Manyoni na ya jirani yake Bahi imelala karibu na uso wa ardhi, katika mashapo ya mbuga, ilikoletwa na maji yaliyoosha itale ya vilimani. Bei ya urani ilipopanda mwaka 2007 kampuni ya Uranex ya Australia ilikuwa ikitafiti huko. Baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011 bei ilianguka. Mwaka 2014 kampuni ikabadili jina kuwa Magnis na kugeukia grafiti ya Nachu, Lindi. Mgodi wa urani haukufunguliwa Manyoni. Radoni haikungoja mgodi, maana hutoka ardhini hata pasipo kuchimbwa.

Majumbani hofu ilianza Desemba 1984, pale mfanyakazi wa kituo cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, alipoliza king'ora cha mionzi akiwa anaingia kazini. Kituo hakikuwa kimeanza kuzalisha umeme. Radoni ilikuwa nyumbani kwake. Mwaka 1988 radoni iliorodheshwa rasmi miongoni mwa visababishi vya saratani, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kiwango kisizidi bekereli 100 (mvunjiko mmoja wa atomu kwa sekunde ni bekereli 1) kwa mita ya ujazo, au 300 pale ambapo 100 haiwezekani.

Kifaa cha nyumbani ni kipande cha plastiki ndani ya kikopo, kisichohitaji umeme. Chembe za alfa zinazotoka kwa radoni hukikwaruza, na maabara hukitia katika magadi makali ya moto ili mikwaruzo ionekane kwa hadubini na kuhesabiwa. Hukaa chumbani miezi 3 au zaidi, kwa sababu radoni hubadilika usiku na mchana, masika na kiangazi. Singida, yenye msimu mmoja wa mvua, inafaa kupimwa nyakati zote mbili: udongo uliolowa huziba vinyweleo vyake, gesi ikatafuta njia chini ya sakafu kavu. Tembe lenye sakafu ya udongo na matundu madogo huikaribisha, lakini nyumba ya tofali yenye nyufa sakafuni na madirisha ya vioo yaliyofungwa usiku kucha haina nafuu ya hakika. Marekebisho ni kuziba nyufa, kuweka madirisha yanayokabiliana ili hewa ipite, kisha kurudisha kifaa chumbani na kupima upya.