Kigingi

Katika magazeti ya siku hizi, kigingi ni kikwazo: mazungumzo yamekumbana na vigingi, mgombea amewekewa kigingi. Tusiisahau maana yake ya asili: kijiti kinachokitwa ardhini ili kufungia kamba ya hema au ya mnyama. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, walikuwa wamepita njia ya misafara ambako hema liliishi kwa vigingi: jioni hukitwa, alfajiri hung'olewa.

Maana hiyo inamfaa sana mpangaji wa kurasa kwenye kompyuta. Ukurasa wa A4 ukipunguzwa kuwa A5, nembo huhama na namba ya ukurasa huweza kutoka nje, mpaka uiambie programu ni ukingo upi ushikwe. Nembo iliyopigiwa kigingi pembeni haibanduki kwenye pembe yake. Picha iliyoshikwa kingo mbili zinazoelekeana hutanuka na kusinyaa pamoja na ukurasa.

Wachapaji wa zamani walibana herufi za risasi kwa kabari. Sisi, tunaposhikiza kitu kwenye ukingo wa ukurasa, tuseme kukipigia kigingi. Neno tunalo, tulirudishie kazi yake ya kushika.