Mikutano ya Mabingwa wa Fizi na Yaliyotoka Machakos na Morogoro

Utaalamu wa fizi, yaani tawi la udaktari wa meno linaloshughulika na nyama inayolizunguka jino pamoja na nyuzi na mfupa unaolishikilia, ulijitenga na kuwa fani kamili pale wahusika wake walipoanza kukutana rasmi. Katika karne ya 19 John Riggs wa Connecticut, nchini Marekani, aliwashawishi madaktari wenzake kwamba jino linalolegea likwanguliwe mzizi wake badala ya kung'olewa, na kwa miaka mingi maradhi ya fizi yaliitwa kwa jina lake. Mwaka 1914, mjini Cleveland, Gillette Hayden na Grace Rogers Spaulding, madaktari wawili wanawake katika zama ambazo taaluma hiyo ilikuwa mikononi mwa wanaume, walianzisha chama ambacho tangu 1919 kinajulikana kama American Academy of Periodontology. Hayden alikuwa mwanamke wa kwanza kukiongoza.

Kwa nusu karne iliyofuata wataalamu hao walibishana juu ya chanzo cha ugonjwa, hadi mwaka 1965, pale Harald Løe na wenzake mjini Aarhus, Denmark, walipotangaza matokeo ya jaribio ambalo watu 12 wenye fizi nzima walikubali kuacha kabisa kusafisha meno. Ukoga, yaani utando laini wa bakteria unaoganda juu ya jino, ulijikusanya, na katika muda wa siku 10 hadi 21 fizi za wote zilivimba; waliporudia usafi, fizi zilipona. Kutokana na hayo ilijengeka imani nzito kuliko ushahidi wenyewe, kwamba uvimbe wa fizi usiotibiwa huishia kuula mfupa, na kwamba jamii zisizo na madaktari zingekuwa vibogoyo kabla ya uzee.

Imani hiyo ilitikiswa na watu ambao hawakuwahi kukanyaga ukumbi wa mkutano wowote. Mwaka 1986 Løe mwenyewe alitoa taarifa ya wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, waliofuatiliwa kwa miaka 15 bila kuwa na huduma ya meno, ambapo asilimia 8 waliharibika fizi kwa kasi, asilimia 81 kwa kiasi, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya uvimbe. Mwaka huohuo Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Thorkild Karring walichapisha utafiti kuhusu Watanzania watu wazima, na mwaka 1988 Baelum na Fejerskov, safari hii wakiwa na Firoze Manji wa Kenya, wakachapisha mwingine uliohusu watu 1,131 wa Machakos wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Katika tafiti zote mbili ukoga ulikuwa mwingi, na ugaga, ambao ni ukoga uliokomaa na kuwa mgumu kama jiwe, ulienea katika vinywa vya wengi. Hata hivyo uharibifu mkubwa wa mfupa ulirundikana kwa watu wachache, huku walio wengi wakizeeka na sehemu kubwa ya meno yao.

Mwaka huo wa 1988 ulitoka pia utafiti wa B. S. Lembariti, Jo Frencken na Taco Pilot juu ya fizi za watu wazima wa mjini na vijijini Morogoro. Haukuibuka hewani, kwa maana mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalikuwa yameanza Muhimbili mwaka 1979, na Tanzania ikaanza kuwapata wataalamu wa kuuliza maswali yake yenyewe. Ni haki kusema kwamba swali linaloitawala fani hii leo, yaani kwa nini ukoga uleule humwangamiza mmoja na kumwacha jirani yake, lilipata uzito kutokana na vinywa vya wakulima wa Afrika Mashariki.

Swali hilo ndilo lililokuwa mezani Chicago mnamo Novemba 2017, mabingwa wa Marekani na Ulaya walipokutana kuupanga upya ugonjwa huu katika hatua nne za ukubwa wa madhara na madaraja matatu ya kasi yake, huku uvutaji wa sigara na kisukari vikihesabiwa miongoni mwa vinavyoiongeza kasi hiyo.

Katika kata ya Bagara, mjini Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, mpangilio huo unakutana na jambo ambalo Chicago halikuhitaji kufikiriwa. Ukanda huu wa Bonde la Ufa una vyanzo vingi vya maji yenye floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake yakijengeka huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa kusugua. Madoa hayo si uchafu wala si ugonjwa wa fizi, lakini huvuta macho ya wote, na fizi inayotoka damu hupita bila kuangaliwa.

Wanaoandaa mikutano ya taaluma hii nchini wanapaswa kuzipa fizi za Manyara nafasi ambayo Morogoro na Machakos zilipata, zipimwe na matokeo yake yasomwe mbele ya mabingwa. Mkazi wa Bagara anayeona damu kila anapopiga mswaki, hasa akiwa mvutaji wa sigara au mgonjwa wa kisukari, asisubiri mpaka jino lilegee. Aende kwenye kitengo cha kinywa na meno cha hospitali iliyo karibu, akakwanguliwe ugaga mapema.