Jaribio la sertralini, Uganda
ASTRO-CM ni jaribio la kitabibu lililofanyika katika hospitali za Mulago (Kampala) na Mbarara kuanzia 2015 hadi 2017, kupima kama sertralini, dawa ya sonona, inasaidia kutibu homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na kuvu aina ya Cryptococcus. Liliendeshwa na Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani.

Ugonjwa huu huwapata hasa watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana. Sertralini ilivutia kwa kuwa ni ya bei nafuu, hufika kwenye ubongo, na maabarani ilikuwa imeua kuvu huyo. Jaribio la awali mjini Kampala lilitia moyo pia, ingawa halikuwa na kundi la vidonge bandia, yaani visivyo na dawa. Katika ASTRO-CM wagonjwa 460 walitibiwa kwa dawa za kuua kuvu, amfoterisini na flukonazoli. Takriban nusu yao waliongezewa sertralini, waliobaki vidonge bandia, bila wao wala madaktari kujua nani amepata kipi.

Jaribio lilisitishwa kabla ya wakati wake kwa kuwa sertralini haikuonyesha faida. Kufikia wiki ya 18 walikuwa wamefariki 52% ya waliopewa sertralini na 46% ya wenzao. Matokeo yalichapishwa 2019. Nafuu ilitoka kwingine: mwaka 2022 jaribio la AMBITION, ambalo Uganda ilishiriki, lilithibitisha tiba ya dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu pamoja na flusitosini na flukonazoli.